Napenda kokteli zangu za Ijumaa pale ziwani na nimeshuka kilo 8, nawawekea hesabu yote hapa

Mleta uzi

Mwangaluka wadau wa Rock City, yaani Mwanza yetu, na nyote mnaolizunguka Ziwa Victoria, Bukoba, Musoma, Geita, mpaka mlioko Ukerewe.

Hii mada nimekaa nayo muda naogopa kuiandika maana ukitaja kupunguza mwili na ukataja glasi humohumo unaambiwa acha pombe, basi, mjadala umeisha. Na kweli kama unaweza kuacha, acha, utakuwa umefanya jambo zuri kuliko yote nitakayoandika hapa chini. Ila mimi Ijumaa nikitoka kazini nina wenzangu wanne tunakutana upande wa Kapripointi, tunakaa jua linazama ng'ambo ya ghuba, na zile siku ambazo mwezi haupo wavuvi wa dagaa wanawasha taa moja moja mpaka maji yanakuwa kama mji mwingine umehamia pale mbele yetu. Hiyo saa na nusu ndo inanibeba wiki nzima, sikuwa tayari kuitoa.

Sasa shida ilianza hivi. Nilikuwa kilo 68, ndani ya miaka miwili nikafika 81. Sikuzaa, sikubadilisha kazi, nyumbani tunakula vilevile ugali, dagaa, mchicha, wali siku mojamoja. Nikawa najiambia ni umri. Mwaka jana mdogo wangu alikuwa na sendofu, nikapimwa gauni na fundi wangu wa Makoroboi mwezi wa 3, mwezi wa 6 naenda kulichukua zipu inagoma nusu ya mgongo. Nikaanza kumlaumu fundi. Yule baba hakubishana na mimi, alifungua daftari lake akaweka kidole kwenye jina langu, kiuno kimeandikwa, afu akachukua futi ya kamba akanizungushia akasema "dada soma mwenyewe". Sentimita 6 zimeongezeka, miezi mitatu tu.

Nilirudi na daladala nimenyamaza mpaka Pasiansi.

Kazi yangu ni kupima minofu ya sangara kiwandani, kutwa nzima mbele ya mizani, gramu 5 zikizidi tunazijua. Nikawaza hivi mimi ninayejua uzito wa kila mnofu unaopita kwenye meza yangu, kile kinachoingia kwenye glasi yangu nakijua? Ijumaa iliyofuata nikabeba kamizani kadogo ka jikoni kwenye mkoba, nikawahi kabla wateja hawajajaa, nikamwomba kijana wa kaunta anitengenezee mojito yangu ya siku zote lakini kila anachomimina akiweke kwanza juu ya mizani. Alicheka kidogo afu akakubali, tena akapunguza mziki.

Ramu akapima toti mbili, ml 60. Shira ilikuwa kwenye chupa ya kubinya, akabinya mara mbili kama kawaida yake, mizani ikasoma gramu 37. Nikamuuliza mnapikaje hii shira, akasema sukari kilo moja kwa maji lita moja. Maana yake nusu ya uzito ni sukari, gramu 18 na kidogo. Akaponda nanaa, akakamua ndimu, akajaza barafu, afu akamalizia na soda nyeupe kama ml 150 hivi, nayo ina sukari gramu 16. Jumla gramu 34 za sukari kwenye glasi moja, na mimi miaka yote nilikuwa nahisi nakunywa kitu chepesi kwa sababu ni cheupe na kina majani!

Njoo kwenye pombe yenyewe. Watu wengi hawajui kwamba pombe tupu ina kalori 7 kwa kila gramu, inakaribia mafuta ambayo ni 9, wakati sukari na protini ni 4. Ramu ya asilimia 40, ml 60, ndani yake kuna ml 24 za pombe tupu, na kwa kuwa pombe ni nyepesi kuliko maji hizo ml 24 ni gramu 19. Zidisha kwa 7 unapata 133. Sukari gramu 34 mara 4 ni 136. Glasi moja 270 kasoro. Umeona hapo? Nusu kwa nusu. Nusu pombe, nusu sukari, na ile nusu ya sukari hakuna aliyeniambia kama naweza kuikataa.

Ijumaa nilikuwa nakunywa nne. Hiyo ni zaidi ya 1,000 kabla sijagusa chakula, na kilo moja ya mafuta mwilini inahesabiwa kama kalori 7,700. Piga mara wiki 52 inakuja karibu kilo 7 kwa mwaka. Hiyo ni hesabu ya kwenye karatasi, mwili hauendi sawasawa hivyo, ila mimi kilo 13 zangu kwa miaka miwili nikaziona zimekaa pale mezani.

Na kuna jambo la pili. Pombe mwili hauna pa kuihifadhi, kwa hiyo ini linaacha kila kitu linashughulika nayo kwanza, na muda wote huo kuchoma mafuta kunapungua sana. Ile chips kuku unayoagiza saa nne usiku inaingia wakati mwili umeshika kazi nyingine, inawekwa akiba. Na saa nne usiku baada ya glasi tatu nani anaagiza kachumbari? Unaagiza chips, tena unaongeza mayai, unamalizia na mishkaki ya mwenzako.

Nilichobadilisha ni vitu vitatu tu na sijawahi kukanyaga jimu. Cha kwanza nakula kabla. Saa kumi na mbili jioni kabla ya glasi yoyote naagiza sato wa kuchoma, kachumbari nyingi, ndizi za kuchoma mbili. Nikishiba samaki, saa nne chips hainisumbui. Cha pili, kokteli yangu ni toti moja, ndimu nzima, nanaa, barafu mpaka juu, soda wota ile ya mapovu isiyo na utamu, na sukari kijiko cha chai kimoja, nakoroga mwenyewe. Hiyo ni kama kalori 82. Cha tatu ni mbili, hazizidi mbili, na katikati yake maji. Miezi 11 sasa, nipo 73.

Wiki tatu za kwanza ule uchachu ulikuwa unanikunja uso, sitawaficha. Baadaye ulimi ukazoea, na sasa nikionja ile ya zamani naona kama nalamba asali kwenye kijiko.

Karibuni tuongee, hasa nyie wa kaunta mje mnirekebishe.

Mdau wa Igoma

Dada umefanya kazi kubwa, heshima kwako. Sasa swali langu, mimi sio mtu wa hayo majani, mimi napiga Konyagi na soda wota, sukari hamna kabisa hapo. Kibapa kimoja Ijumaa, kimoja Jumamosi. Kitambi kinatoka wapi? Maana mke wangu anasema ni Konyagi na mimi namwambia Konyagi haina sukari, ni ugali wake.

Mleta uzi

Kaka usimsingizie shemeji ugali. Konyagi ni asilimia 35. Ile chupa ndogo ya robo lita ina ml 87 na nusu za pombe tupu, ni gramu 69, mara 7 unapata 483. Sukari sifuri ni kweli, lakini 483 ipo palepale, ni kama umekula mlo mwingine kamili ambao haukukushibisha. Ukipiga viwili kwa wiki inakaribia 1,000, tumefanana mimi na wewe kabla sijabeba mizani.

Halafu angalia na hili maana uzito sio kitu pekee. Uingereza wanawaambia watu wao, wanaume na wanawake sawa, wasizidishe yuniti 14 kwa wiki na wazigawe kwenye siku tatu au zaidi, yuniti moja kwao ni gramu 8 za pombe tupu. Kibapa chako kimoja ni yuniti 8 na nusu. Viwili ni 17. Yaani siku mbili umeshapita ya wiki nzima.

Ningekuwa wewe ningemwachia rafiki nusu ya kile kibapa. Nusu tu, usianze na kuacha chote, utarudi kwa hasira.

Mdau wa kaunta, Kirumba

Nimeingia kwa sababu tumeitwa. Nina miaka 9 nyuma ya kaunta, hapa Mwanza na kabla ya hapo Arusha, na nakubaliana na dada kwa mengi ila kuna mahali pa kuongeza.

Kwanza mojito ni mtoto mdogo. Ukitaka kuona shughuli agiza pina kolada. Kuna ramu, kuna juisi ya nanasi, kuna ile krimu ya nazi ya kopo ambayo ni mafuta na sukari vimekaa pamoja, tunasaga na barafu inakuwa kama maziwa mgando. Glasi kubwa inacheza kalori 450 mpaka 500. Wateja wanaiagiza baada ya kula kama kinywaji cha kuteremshia, kumbe ni chakula cha pili. Long Island nayo, pale ni aina tano za kileo kwenye glasi moja, vodka, jini, ramu, tekila na ile ya machungwa, juu unamwagia kola inakuwa na rangi ya chai basi mtu anakunywa kwa kasi ya chai.

Pili, TONIKI SIO SODA WOTA. Hii naiandika kwa herufi kubwa kwa sababu kila siku nakutana na mteja anasema yuko kwenye kupunguza mwili kwa hiyo mpe jini na toniki. Ule uchungu wa kwinini unaficha utamu. Geuza chupa usome nyuma, utakuta sukari, toniki nyingi za kawaida haziko mbali sana na soda. Tangawizi ya chupa hivyohivyo, ukali wake haumaanishi haina sukari.

Tatu, dawa. Hii kokteli imetoka kwa jirani zetu Nairobi, vodka, ndimu, asali na barafu, na kale kamti ka kukorogea asali. Watu wanaipenda wanadhani asali ni afya. Asali kijiko kikubwa ni kalori 60 na zaidi, sukari kijiko kikubwa ni kama 50. Asali ni nzito kwa hiyo kijiko chake kinabeba zaidi. Ukiitaka dawa mwambie kijana asali achovye tu kile kijiti, asimimine, afu koroga taratibu. Inanukia asali vizuri tu, na kwa maoni yangu hiyo ndo dawa yenyewe, ile ya kumimina ni shurubati.

Nne, pima. Mwambie akupimie na kile kikombe cha chuma, asimimine kwa macho. Mimi mwenyewe usiku wa Jumamosi baa imejaa nikimimina kwa macho toti yangu ya 30 inakuwa 45, sio kwa ubaya, mkono unachoka. Mteja anafurahi ameongezewa, ila hesabu yake ya nyumbani imeshaharibika.

Tano usiogope kukataa shira. Hatukasiriki. Tunachokasirikia ni mteja anayeagiza bila sukari, anaonja, anarudisha, anasema ni chachu. Anza na nusu, wiki ijayo robo.

Mleta uzi

Mdogo wangu wa Kirumba ubarikiwe. Hilo la toniki hata mimi lilinipiga miezi miwili ya mwanzo, nilikuwa naona kilo hazishuki sielewi.

Binti wa Malimbe

Dada mimi nina njia yangu, sijui unaionaje. Siku nikijua jioni natoka basi mchana sili kabisa, naokoa kalori zangu za jioni. Na pombe nachanganya na soda ile ya sukari sifuri. Kwa hiyo nakunywa hata nne na hesabu inabalansi.

Mleta uzi

Mdogo wangu nisikilize vizuri hapa maana hili limenipata.

Ile sendofu ya mdogo wangu niliyoitaja juu, nilivaa gauni la kuazima, na kwa aibu ya zipu nikaamua siku nzima nisile. Asubuhi chai ya rangi, mchana maji. Jioni ukumbini, kabla chakula hakijafunguliwa, nikanywa vodka na soda ya sukari sifuri, mbili, taratibu kabisa, sikuwa na haraka. Kamati ikaitwa mbele kucheza na zawadi. Nikasimama, magoti yakawa sio yangu. Niliona zile taa za ukumbi zinavutika kama zimemwagiwa maji. Shemeji yangu alinishika kiwiko akaniingiza nyuma ya jukwaa, akanikalisha kwenye kreti la soda, akaniletea wali mkavu kwenye kifuniko cha hotpoti nikala kwa mkono huku nalia. Sikumwona mdogo wangu anakata keki. Dada mkubwa wa bibi harusi mimi, keki imekatwa sipo.

Nikaja kusoma baadaye kwa nini. Tumbo tupu pombe haikai, inapita haraka kwenda kwenye utumbo mdogo ambako ndo inanyonywa kwa kasi. Na kuna watafiti wa Adelaide, Australia, mwaka 2006 waliwapa watu vodka na kinywaji cha machungwa, siku moja chenye sukari na siku nyingine chenye utamu wa bandia, pombe ni ileile. Chenye sukari nusu yake ilichukua dakika 36 kutoka tumboni, cha utamu wa bandia dakika 21. Na pombe kwenye damu ilipanda juu zaidi kwa kile cha utamu wa bandia, 0.053 dhidi ya 0.034. Glasi ileile.

Sisemi soda ya sukari sifuri ni mbaya, kwa kalori inaokoa kweli. Nasema usiiweke juu ya njaa, na usidhani glasi nne zake ni sawa na glasi nne za kawaida, zinakuja haraka. Wewe unaishi Malimbe unarudi usiku, unahitaji akili yako yote kwenye bodaboda. Kula mchana. Kula na jioni kabla. Kunywa mbili. Naongea na wewe kama dada.

Binti wa Malimbe

Nimekuelewa dada. Pole sana kwa ya keki.

Mama wa Bwiru

Wanangu mimi pombe sinywi, nilishawahi kunywa zamani nikaacha. Lakini mwili nao haushuki, nipo 92. Kwenye vikao vya harusi wenzangu wakiagiza vyao mimi naagiza juisi, ya miwa au embe, na ndo hizohizo na nyumbani. Sasa nisaidieni, juisi si matunda?

Mleta uzi

Shikamoo mama. Hongera kwa kuacha, hapo umetupita wote.

Juisi mama ni matunda yaliyoondolewa kile kinachoshibisha. Embe ukilila zima unatafuna nyuzi zake, moja linakutosha. Glasi moja ya juisi wamesaga maembe mawili na sukari juu. Ya miwa yenyewe ni maji ya sukari yenye harufu nzuri, glasi ya ml 300 ina gramu 40 za sukari kwa makadirio, zaidi ya soda ya chupa ya 350 ambayo ni kama 37. Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongezwa pamoja na hii ya kwenye juisi na asali isizidi asilimia 10 ya kalori za siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni vizuri zaidi, hiyo ni kama gramu 25 kwa mtu mzima. Kwa hiyo glasi moja ya miwa umeshamaliza siku na kuingia kesho.

Jaribu hii kikaoni mama: omba soda wota baridi kwenye glasi kubwa, ndimu mbili, vipande vya tango, tangawizi mbichi iliyopondwa na barafu. Inakaa mezani kama kokteli ya mtu yeyote, hakuna atakayekuuliza kwa nini hunywi. Nyumbani chemsha mchaichai na mdalasini, iache ipoe, weka kwenye friji. Ukitaka utamu menya chungwa la Ukerewe ulile hivihivi, tena ukae chini ule taratibu.

Mdau wa Buzuruga

Haya yote sawa lakini hamjagusa penye tatizo. Tatizo ni RAUNDI. Nakaa mezani na watu sita, kila mmoja anazungusha, mpaka zamu irudi kwangu nina glasi sita. Ukikataa unaonekana unajisikia, au unakwepa kulipa. Kilo zangu zote ni za ofa, mimi mwenyewe sijawahi kununua zaidi ya mbili.

Mleta uzi

Kaka umenena. Hapa ndo nilipambana kuliko kwenye sukari, kwa sababu sukari haina hisia ila rafiki akikuletea ofa ukaisukuma pembeni anaumia kweli.

Nilijaribu kuelezea, nikawa nahubiri kila Ijumaa, wakachoka. Nilijaribu kudanganya nipo kwenye dozi, wakaanza kuniuliza naumwa nini, habari ikafika kwa mama yangu Magu nikapigiwa simu. Mwisho nilimwita yule dada anayetuhudumia, nikamwambia kabla wenzangu hawajafika, kila raundi inayokuja baada ya mbili zangu niletee soda wota na ndimu kwenye glasi ileile ya mojito na nanaa juu. Analeta, tunagonga glasi, tunacheka. Zamu yangu ikifika nazungusha kamili, hakuna anayepunjwa. Baada ya miezi miwili nikawaambia ukweli mezani. Mmoja alinuna dakika tano. Wawili wakaniuliza kama naweza kumwambia yule dada awafanyie na wao.

Lingine, tulihamisha chakula kikaja mwanzo. Zamani tulikuwa tunakunywa kwanza, chakula mwisho. Sasa sinia la sato linakuja mapema, mikono ina samaki, huwezi kushika glasi kila dakika. Mtu mwenye mikono ya samaki anakunywa polepole, nimewaangalia wote.

Mdau, wodi ya magonjwa ya ndani

Naandika kama mtu ninayefanya kazi wodini. Mleta uzi umeandika kwa uangalifu na nimefurahi, ila wasomaji wengine wana hali zao. Mwenye sukari anayetumia insulini au baadhi ya vidonge vya kushusha sukari, pombe inaweza kuishusha sukari chini sana, hata saa nyingi baadaye akiwa amelala, na dalili zake watu wanadhani amelewa tu, wanamwacha. Hatari zaidi akiwa hajala. Mjamzito hakuna kiwango, asinywe. Mwenye ini lenye shida vilevile. Ukiwa na dawa yoyote ya kila siku muulize anayekuandikia, uliza wazi, hatutakusema.

Na kwa wote: Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba hakuna kiwango cha pombe ambacho ni salama kabisa kwa afya. Pombe ipo kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi moja na tumbaku. Kupunguza kutoka nne kwenda mbili ni faida, na kutoka mbili kwenda moja ni faida tena.

Mleta uzi

Asante sana, hili lilipaswa kuwa kwenye bandiko langu la kwanza. Na mimi tangu Pasaka kuna Ijumaa nakunywa moja tu, ya pili ni ile ya soda wota, na sijaona jua linazama vibaya kwa sababu hiyo.

Mdau wa Igoma

Narudi kutoa ripoti. Jumamosi niligawana kibapa na jirani yangu. Tulikaa nje tukala dagaa wa kukaanga, dagaa wenyewe wana mafuta najua, msiniseme. Shemeji yenu nimemsomea ile 483, akaniuliza "kwa hiyo ugali wangu?" Nimeomba radhi.

Swali dogo, kupima uzito napima siku gani? Jumapili nilipanda mizani nikakuta nimeshuka kilo moja na nusu nikafurahi, Jumatatu imerudi yote.

Mleta uzi

Hiyo ni maji kaka. Pombe inakukojoza unakauka, mizani inashuka kwa uongo, afu unakunywa maji na supu yenye chumvi inarudi. Pima siku moja isiyobadilika, mimi napima Alhamisi asubuhi kabla ya chai, mbali na glasi za Ijumaa iliyopita. Na futi ya kamba kiunoni mara moja kwa mwezi, hiyo haidanganyi.

Mdau wa kaunta, Kirumba

Dada nimekutengenezea moja, ijaribu. Tikiti vipande vinne vikubwa, ponda na nanaa, chuja usichuje ni wewe, ndimu nzima, Konyagi toti moja iliyopimwa, barafu, soda wota juu. Chumvi punje kidogo sana, inaamsha utamu wa tikiti wenyewe, sukari haihitajiki. Nimepiga hesabu, ipo chini ya ile mojito yako ya zamani. Kuna mteja jana kanywa akaniuliza nimeweka shira gani.

Mleta uzi

Hiyo ya chumvi sikuwahi kuifikiria kabisa, Ijumaa hii naenda na tikiti langu kutoka soko la Kirumba.

Binti wa Malimbe

Dada samahani, vipi lile gauni la fundi?

Mleta uzi

Lipo kabatini mdogo wangu. Wiki iliyopita nililipeleka Makoroboi, zipu inapanda mpaka juu sasa ila mkono wa kushoto bado unabana kwapani. Fundi alifungua daftari lile lile, akaandika vipimo vipya chini ya vile vya zamani, afu akasema aachie nusu inchi pale kwapani nianze kulivaa. Nimemwambia aliache kwanza mpaka mwezi wa 12.